Dakika 40 za Nyiragongo: sayansi inasema nini kuhusu begi la dharura

Jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, ubavu wa mlima Nyiragongo ulipasuka na lava ikaanza kuteremka kuelekea Goma, mji wa mashariki mwa Kongo uliobanwa kati ya volkano hiyo na Ziwa Kivu. Usiku ule barabara zilifurika watu. Wapo waliokimbilia Sake, wapo waliovuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda, watoto mgongoni, magodoro kichwani. Lava ilikuja kusimama kwenye vitongoji vya kaskazini, si mbali na uwanja wa ndege, ikiwa imeteketeza maelfu ya nyumba. Watu wasiopungua 30 walipoteza maisha.

Walionusurika walibaki wakiuliza: mbona hatukuonywa? Jibu lilitoka Septemba 2022 katika jarida la sayansi la Nature. Delphine Smittarello na wenzake walikusanya vipimo vya mitetemo ya ardhi, kumbukumbu za sauti nzito zisizosikika kwa sikio la binadamu, na picha za satelaiti. Walipozipitia zote, walikuta kwamba dalili isiyo na shaka ilianza kuonekana dakika 40 tu kabla lava haijatoka.

Volkano nyingi hutoa dalili mapema zaidi. Miamba iliyoyeyuka husukumana kupanda juu kutoka kina kirefu, na katika kupanda huko hupasua miamba mingine, hutikisa ardhi na kuivimbisha. Vyombo hunasa hayo siku au majuma kabla. Nyiragongo haikuhitaji safari hiyo. Tangu mlipuko wa Januari 2002, ndani ya shimo lake mlikuwa na ziwa la lava linalochemka, maana yake ni kwamba miamba iliyoyeyuka ilikuwa tayari iko juu, imeshikiliwa na kuta za mlima peke yake. Joto na msukumo vilizidhoofisha kuta hizo miaka nenda miaka rudi, mpaka zikaachia. Na lava ya mlima huu ni nyepesi kupita kiasi: katika mlipuko wa mwaka 1977 ilikadiriwa kushuka kwenye miteremko kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa.

Kwa mwanasayansi, dakika 40 ni matokeo ya utafiti. Kwa mama mwenye watoto watatu na mkwe mzee ndani ya nyumba, ni muda wa kutafuta viatu, kumwamsha mdogo, kukumbuka dawa za presha ziko wapi, na kufunga mlango. Muda wa kufikiri haumo humo. Ndiyo maana kufikiri kunapaswa kufanyika leo, mchana, watu wakiwa wametulia, na matokeo yake yawe begi moja lililokwisha kufungwa. Linamfaa mkazi wa Goma, na linamfaa vilevile mtu wa bonde la Rufiji, wa Mathare yalikopita mafuriko ya Aprili 2024, au wa Katesh, ambako tope la mlima Hanang lilishuka Desemba 2023. Mlima, mto na tope havifanani, lakini mahitaji ya aliyekimbia hufanana sana.

Kinachoua baada ya kukimbia

Ukimwambia mtu afunge begi la dharura, atakimbilia jikoni kuchota unga. Ni silika ya kila mzazi, kwa sababu njaa ndiyo tunayoiogopa. Lakini Goma yenyewe ina historia inayotufundisha jambo lingine.

Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma katika muda wa siku chache tu. Walikaa juu ya mwamba mgumu wa lava ya zamani, ambako hata shimo la choo halichimbiki, na wakanywa maji ya Ziwa Kivu kama yalivyo. Kipindupindu kikaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Watafiti waliochunguza maafa hayo walikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, na sehemu kubwa kabisa ya vifo hivyo ilitokana na kuhara. Wengi walifia nje ya vituo vya matibabu.

Ndiyo maana naomba msomaji ageuze mpangilio wa begi lake: maji kwanza, dawa ya kuhara pili, chakula tatu. Binadamu mzima mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa na chakula kidogo, lakini mtoto anayehara kipindupindu anaweza kufa kabla jua halijazama.

Hapo linakuja tatizo la uzito. Kwa kunywa na kupika kidogo, mtu mmoja anahitaji takriban lita 3 za maji kwa siku. Lita moja ni kilo moja. Familia ya watu watano kwa siku tatu ni lita 45, yaani kilo 45, na hakuna mama atakayekimbia na mzigo huo huku amebeba mtoto. Kwa hiyo beba maji ya masaa ya kwanza tu, lita moja au mbili kwa kila anayeweza kubeba, na zaidi ya hapo beba uwezo wa kuyafanya maji utakayoyakuta njiani yawe salama. Uwezo huo ni mwepesi ajabu, na sayansi yake imethibitishwa na watu wenye maisha kama yetu.

Kanga kuukuu, klorini na jua

Anza na kitambaa. Rita Colwell, mwanasayansi wa Marekani, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba vijidudu vya kipindupindu, katika maji ya maziwa na mito, hupenda kujishika kwenye wanyama wadogo mno wanaoelea majini. Ikiwa mnyama huyo ni mkubwa kuliko tundu la kitambaa, basi kitambaa kinaweza kumnasa pamoja na vijidudu vilivyomng'ang'ania. Yeye na wenzake walilipima wazo hilo katika vijiji vya Bangladesh kwa kutumia sari kuukuu za pamba zilizokunjwa mara kadhaa juu ya mdomo wa chungu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2003, yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 katika vijiji vilivyochuja maji hivyo.

Ukuukuu una kazi yake. Pamba ikifuliwa mara nyingi, nyuzi zake hulegea na kutoa vinyweleo vinavyoziba matundu, kwa hiyo kitambaa kilichochakaa huchuja vizuri kuliko kipya. Chukua kanga ya pamba ambayo imeshapauka, ikunje mpaka upate tabaka nane, ifunge kwenye mdomo wa dumu, kisha mimina taratibu. Ukimaliza, isuuze kwa maji yaliyokwisha safishwa na uianike juani. Lakini asilimia 48 si 100. Kijidudu kinachoogelea peke yake kitapita, na virusi vitapita. Kuchuja ni hatua ya kwanza.

Hatua ya pili ni klorini, ile dawa ya maji inayouzwa madukani kwa vidonge au kwa chupa. Klorini huharibu ukuta wa kijidudu na kuvuruga kazi zote zilizomo ndani yake. Tatizo ni kwamba haichagui: ikikuta tope na majani, humalizikia huko, na vijidudu hubaki hai. Hii ndiyo sababu ya kuchuja kwanza. Vidonge vina nguvu tofauti, vingine vimetengenezwa kwa lita moja na vingine kwa lita 20, basi soma pakiti leo, si usiku wa kukimbia, na uandike kipimo kwa kalamu nzito juu ya mfuko wake. Baada ya kutia dawa, subiri nusu saa. Nusu saa hiyo ndiyo dawa inafanya kazi, na anayekunywa kabla amejidanganya.

Ikiwa dawa imekwisha, jua lipo. Mwaka 1980 Aftim Acra na wenzake wa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut waliandika katika jarida la Lancet kwamba maji ya dawa ya kuhara yaliyowekwa juani kwenye chombo kinachopitisha mwanga yalisafika. Miale ya jua huharibu chembe za urithi za vijidudu, na joto husaidia kazi hiyo. Kipimo kikubwa cha wazo hili kilifanyika hapa kwetu, Kajiado nchini Kenya, katika jamii ya Wamasai. Familia zilipewa chupa za plastiki: kundi moja liliziweka juani, jingine liliziweka ndani ya nyumba. Mara kipindupindu kikaingia eneo hilo. Kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, watatu waliugua. Kati ya 144 wa kundi la pili, waliougua walikuwa 20.

Kwa hiyo weka ndani ya begi chupa mbili za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2 kila moja, lebo zimebanduliwa. Jaza maji yaliyochujwa, laza chupa juu ya bati au jiwe kwa masaa 6 ya jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Maji yenye tope hayasafishiki hivi, kwa sababu mwanga haupenyi.

Maji yakishasafika, yalinde. Katika kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watafiti waligawa ndoo zenye mfuniko na mdomo mwembamba, kwa sababu ndoo ya wazi huchafuliwa na mikono inayochota. Kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa karibu asilimia 31. Dumu la mdomo mdogo, la lita 5, tupu na jepesi, linafanya kazi ileile. Katika utafiti mwingine wa kambini nchini Malawi, nyumba zilizokuwa na sabuni zilipata visa vya kuhara pungufu kwa asilimia 27. Kipande kimoja cha sabuni kisikose.

Sukari, chumvi na mlango wa utumbo

Pamoja na tahadhari zote, mtoto anaweza kuanza kuhara. Hapa ndipo ulipo ugunduzi ambao naona kila mzazi anapaswa kuuelewa, si kuukariri tu.

Kipindupindu hakiui kwa kuunguza utumbo. Sumu yake huuamrisha utumbo utoe maji na chumvi nje ya mwili bila kukoma. Ukimpa mgonjwa maji matupu, yanapita yakitoka. Kwa miaka mingi tiba pekee ya uhakika ilikuwa dripu. Kisha mwaka 1960, Robert Crane alieleza kwenye mkutano wa kisayansi mjini Prague kwamba kwenye ukuta wa utumbo mdogo kuna njia inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Ni kama mlango wa kufuli mbili: ufunguo mmoja ni sukari, wa pili ni chumvi, na ukikosekana mmoja mlango haufunguki. Vikipita viwili hivyo, maji huvifuata. Na sumu ya kipindupindu haiugusi mlango huo.

Jaribio la kutisha lilikuja mwaka 1971, wakati mamilioni ya watu walipokimbia vita vya Bangladesh na kuingia India. Katika kambi ya Bongaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wamelala sakafuni. Akaamua kuchanganya sukari, chumvi na magadi ya kuokea, akaagiza ndugu za wagonjwa wanyweshe wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Vifo, ambavyo vilikuwa vikifika karibu asilimia 30 ya wagonjwa, vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Waliofanya kazi hiyo walikuwa mama, kaka na shangazi, kwa mikono yao.

Weka ndani ya begi pakiti za mchanganyiko huo, yaani chumvichumvi, za dukani au zahanati, angalau nne kwa kila mtoto. Zikiisha, tengeneza mwenyewe: lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si kwa mlima. Usizidishe. Chumvi nyingi humdhuru mtoto, na sukari nyingi huvuta maji kurudi utumboni na kuongeza kuhara. Onja kabla ya kumpa. Isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, hata akitapika subiri dakika 10 kisha endelea, na umpeleke kwenye huduma mara tu inapopatikana. Anayenyonya aendelee kunyonya, kwa sababu maziwa ya mama hayahitaji chupa wala maji ya kuchemsha. Kijiko cha chai kifungwe kwenye mfuko wa sukari, maana kipimo kisicho na kijiko ni kubahatisha.

Chakula kisichoomba moto wala maji

Sasa tunaweza kufika jikoni. Chakula cha begi kinapaswa kutimiza masharti matatu: kisihitaji kupikwa, kisiharibike, na kisimalize maji ya mwili.

Sharti la mwisho wengi hawalijui. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, daktari James Gamble wa Boston alichunguza ni chakula gani kiwekwe kwenye boti za uokoaji, ambako maji ni haba kuliko kitu chochote. Aligundua kwamba mwili usiopata chakula huanza kula nyama yake wenyewe, na taka za kazi hiyo hutolewa kwa mkojo, yaani kwa maji. Gramu 100 tu za sukari kwa siku zilipunguza uharibifu huo kwa takriban nusu na kuokoa maji. Chakula chenye protini na chumvi nyingi hufanya kinyume, kwani figo hudai maji ili kutoa mabaki yake. Basi samaki wadogo wakavu, kama sambaza wa Ziwa Kivu au dagaa wa Kigoma, ni chakula bora sana, lakini siku ya kwanza isiyo na maji wangoje. Anza na tende, biskuti na sukari.

Kuhusu kuharibika, tunamshukuru William James Scott wa Australia. Katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba vijidudu haviangalii chakula kina maji kiasi gani, bali maji yaliyo huru ndani yake ni kiasi gani. Tende ina unyevu, lakini sukari yake imeyashika maji hayo na kijidudu hakiwezi kuyanywa. Hii ndiyo siri ya asali, ya sukari, na ya karanga zilizokaangwa zikakauka.

Mashirika ya misaada hupanga chakula kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 200 za karanga hutoa zaidi ya 1,100, gramu 200 za tende hutoa karibu 560, na gramu 100 za biskuti hutoa takriban 450. Nusu kilo imetosha siku nzima, na kilo moja na nusu ni siku tatu, bila jiko, bila sufuria. Karanga zikae kwenye chombo kikavu kinachofungwa barabara, na ziliwe na kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu unyevu huleta ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafa. Karanga iliyosinyaa, yenye rangi ya ajabu au chungu mdomoni, itupwe.

Mengine yanajulikana na niyataje kwa haraka: dawa za kila siku za mwenye presha, kisukari au VVU, za juma zima, nakala za vitambulisho, vyeti na kadi za kliniki ndani ya nailoni, tochi, redio ndogo, betri ya kuchajia simu, noti ndogondogo za pesa, taulo za kike, na barakoa kwa ajili ya majivu. Wanaoishi karibu na Nyiragongo wakumbuke pia kutolala mabondeni, kwa sababu mazuku, yaani hewa nzito ya kaboni dioksidi, hukaa chini na kuua aliyelala.

Tuna haki ya kudai vituo vya kuchunguza volkano vyenye vifaa na wataalamu wanaolipwa, na mabomba ya maji yanayokarabatiwa haraka. Tudai kwa sauti. Lakini msaada, hata ukija kwa kasi, huchukua siku kufika, na siku hizo za mwanzo ziko mikononi mwa kila kaya.

Usingoje kupata begi zuri wala orodha kamili. Juma hili tafuta vitu vinne: kanga kuukuu ya pamba, vidonge vya maji, sukari, na chumvi pamoja na kijiko chake. Viweke pamoja karibu na mlango, mwonyeshe kila mtu wa nyumbani vilipo, na mfundishe mtoto wako mkubwa kipimo cha vijiko sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi mpaka aweze kukifanya bila wewe.